Nilivyopima Umeme wa Andazi Kanisani Ihanda

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Ihanda. Nimerudi Mlowo sina. Nimejifungia chumbani, nimekunywa maji vikombe vitatu, na masikio bado yanawaka. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hao wengine ni kwaya nzima, na kila mwanakwaya ana simu.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa elektroniki. Kibanda changu kiko hapa Mlowo barabarani, kati ya duka la mbolea na mama anayekaanga chipsi. Natengeneza redio, televisheni, amplifaya, na chochote kingine kinachopiga kelele au kilichoacha kupiga kelele. Ni mwanamke. Nalisema hilo kwa sababu kila mteja mpya huingia, ananitazama, halafu anauliza, "Fundi yuko wapi?" (Huwa namjibu, "Ametoka kidogo," kisha nakaa kimya mpaka aone haya mwenyewe.)

Sasa mwezi uliopita nilivuka mpaka, nikaenda Nakonde, Zambia, nikanunua osiloskopu. Tulieni, naeleza. Ni kipimo. Kina waya mrefu wenye kibanio mwishoni, kama kibanio cha kuanikia nguo. Unabana mahali penye umeme, unachomeka waya mwingine kwenye kompyuta, na kompyuta inakuchorea mawimbi ya umeme huo kama daktari anavyochora mapigo ya moyo. Ukijua kusoma mawimbi, ugonjwa wa mashine unauona kwa macho. Aliyeniuzia alinipa na karatasi ya maelekezo. "Read it, mukwai," akaniambia kwa heshima ya kwao, yaani nisome. Nikamwambia nitasoma. (Sikusoma.)

Nilipofika nacho hapa, kila mtu alijua. Nilikiweka kwenye status siku nne mfululizo. Nikaandika: "Mafundi wa kubahatisha, zama zenu zimekwisha." Jamani, hakuna aliyenituma.

Basi jana Mama Mchungaji wa Ihanda akanipigia. Amplifaya ya kanisa inanguruma. Wakiiwasha tu, inaanza mmmmmm, kama lori lenye shehena ya shaba linapanda mlima. Jumamosi hii kuna tamasha, kwaya za mitaa mingine zinakuja, na wao ndio wenyeji. Wazee wa kanisa wameshaanza kusema mashine ni mbovu itupwe, wakaazime kwa jirani. Mama Mchungaji hataki kuazima kwa jirani. Mwaka jana jirani ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza.

"Mwanangu," akaniambia, "nimesikia una kompyuta inayoona umeme."

"Ipo, Mama," nikasema. "Nakuja kesho. Hiyo ni kazi ya nusu saa."

Nusu saa! Mimi na mdomo wangu.

Leo saa tisa alasiri nimefika Ihanda kwa bodaboda, begi mgongoni. Kwaya ipo yote, wamekuja mazoezini. Mbele, karibu na kinanda, ameketi mzee mmoja wa koti la kahawia, bisibisi mfukoni. Nikamjua kabla sijatambulishwa. Ndiye Mzee Silwimba, fundi wa hapo Ihanda tangu enzi za redio za mbao. Hana kipimo hata kimoja. Yeye huinamisha kichwa, anasikiliza, halafu anasema ugonjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi mwenyewe yuko njiani?"

"Ndiye mimi, baba."

"Aa, samahani. Karibu sana." Akanisogezea kiti kwa heshima zote. "Mimi nimeisikiliza hii tangu asubuhi. Naona mashine ni nzima. Kinanda kinakula umeme kwenye soketi ile ya ukutani kule, amplifaya inakula kwenye hii ya huku. Vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Hapo ndipo kelele inapoingia. Ningevipa soketi moja vyote viwili."

Mtu mwenye akili angejibu, "Asante baba, tujaribu." Ingechukua dakika moja. Ningekunywa chai, nikaondoka.

Mimi nikasema nini? Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa akina besi walioko nyuma, "Baba, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi hatusikilizi, tunapima."

Kwaya ikasema "Eeeeh!" Mzee Silwimba akatabasamu, akarudi kukaa.

Nikapanga vitu vyangu mezani. Laptopu yangu ni ya zamani, nzito kama tofali, na matundu yake ya kuchomekea nyaya yote yako nyuma. Nikaiweka ikinitazama mimi, mgongo wake ukawa kwa kwaya. Osiloskopu nikaipa umeme kwa adapta yake, taa ya kijani ikawaka. Kwaya ikafurahi kuona taa. Nikachukua waya wa USB, nikapeleka mkono nyuma ya laptopu, nikapapasa, nikapata tundu, nikasukuma. Ukaingia, ukakaa. Nani ainame kuchungulia mbele za watu? Fundi anajua kompyuta yake kwa vidole.

Kawaida ukichomeka, kompyuta inalia ting! Leo haikulia. "Nimepunguza sauti," nikawaambia. (Hakuna aliyeuliza.)

Nikafungua programu. Kikatokea kijisanduku cha Kiingereza, mistari mitatu, vitufe viwili. Nikabonyeza cha kushoto, kikaondoka. Chini yake skrini nyeusi. Hakuna wimbi. Hakuna hata mstari.

"Inapasha moto," nikasema.

Ikapasha moto dakika tatu. Jasho likaanza kunitoka mimi, yenyewe ilikuwa baridi kabisa.

Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka tena kwa kupapasa. Skrini nyeusi. Nikazima laptopu, nikaiwasha. Mnajua laptopu ya zamani inavyowaka mbele ya watu wanaokusubiri? Kwaya iliimba wimbo mmoja mzima, beti zote nne, ndipo ikamaliza kuwaka. Nikafungua programu, kijisanduku kile kile. Kitufe cha kushoto. Giza.

"Labda waya umekatika kwa ndani," nikasema. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, anaitwa Eliza, akanipa waya wa printa wa ofisini kwake. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi hapa hapa Mlowo, kwa hiyo mkoba wake una kila aina ya waya. Alipokuja kunipa alisimama kidogo nyuma ya laptopu, akatazama, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye mstari. Nikadhani anavutiwa na utaalamu.

Waya mpya. Tundu lile lile. Giza lile lile.

Nikaifuta ile programu ndogo inayoitambulisha osiloskopu kwa kompyuta, nikaiweka upya. Nikawasha tena. Wimbo mwingine, beti tatu. Nikahamisha meza, eti pengine ukuta wa bati unaleta shida. Wanaume wanne wa kwaya wakabeba meza ikiwa na kila kitu juu yake, mimi nawaelekeza, "Polepole, polepole, hicho ni kipimo!" Wakaisogeza hatua nane. Wakairudisha hatua nane.

Mzee Silwimba anakunywa chai.

Mama Mchungaji akanikaribia, akaniinamia sikioni kwa upole. "Mwanangu, tuiombee?"

"Tumwombee nani, Mama?"

"Kompyuta."

Mngefanyaje nyinyi? Nikasema sawa. Kwaya ikasimama. Mikono ikanyooshwa kuelekea laptopu yangu. Mama Mchungaji akaomba kwa kirefu, akaitaja kompyuta, akazitaja nyaya, akataja na tamasha la Jumamosi, na nadhani nilisikia anataja na kwaya ya jirani lakini sina hakika. Mimi nimefumba macho, naomba kwa bidii kuliko wote.

"Amina!"

"Amina!"

Nikafungua programu. Kijisanduku kikatokea. Kwa haraka kidole kikateleza, nikabonyeza kitufe cha kulia.

Wimbi! Wimbi la kijani, kubwa, linacheza skrini nzima kutoka huku mpaka kule!

Nikaruka. Nikaigeuza laptopu wote waone. Kanisa likalipuka. "Haleluyaaa!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mpiga ngoma akapiga ngoma. Mama Mchungaji akainama kuitazama skrini, akaweka miwani, akanyanyua mikono: "Tunakushukuru kwa Demo! Asante kwa Demo!"

Mimi nikaitikia "Amina." Mimi ni Mnamwanga wa kule Mpemba, Kinyiha cha hapo Ihanda sikijui vizuri. Nikadhani demo ni neno lao la shukrani.

Sasa sikilizeni. Mtu akishapata vigelegele, akili inatoka kwenda kutembea. Nikabana kile kibanio kwenye amplifaya, nikachukua kijiti cha mwongoza kwaya, nikaanza kufundisha.

"Mnaona wimbi hili? Umeme mzuri unatakiwa uwe laini. Huu una meno. Hapa jino, hapa jino. Haya meno ndiyo mnayoyasikia yakinguruma."

"Eeeeh!"

"Maana yake kapasita mbili kubwa humu ndani, vile vikopo vya kutunzia umeme, zimekufa."

"Maskini!" akasema mama mmoja wa sauti ya pili.

Mzee Silwimba akaweka kikombe chini. "Mwanangu, zimekufa kabisa?"

"Kabisa, baba. Wimbi halidanganyi."

Nikachomoa amplifaya ukutani ili niifungue. Nikatoa skrubu, nikapasha chuma cha kuyeyushia risasi, nikazing'oa kapasita zote mbili. Nikaziweka mezani kama meno yaliyong'olewa. Kwaya inatazama kwa huruma. Wakati huo chai nyingine ililetwa na sinia la maandazi, nikasema ngoja kwanza, fundi hali kazini.

Ndipo Mzee Silwimba akauliza, polepole, kwa adabu yake yote:

"Mwanangu, hii amplifaya si umeichomoa ukutani?"

"Ndiyo, baba."

"Na hizo mbili umezing'oa?"

"Ndiyo."

"Mbona wimbi bado linacheza?"

Nikatazama skrini. Linacheza. Kubwa vilevile. Meno yale yale.

Jamani, hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Nikasema, "Baba, huo ni umeme uliobaki ndani."

"Aa. Unaisha lini?"

"Dakika tano."

Akatazama saa yake. Akachukua chai. Kwaya nzima ikasubiri umeme uishe. Dakika tano, watu wametulia kama wako msibani, wimbi linacheza tu. Nikaongeza, "Mara nyingine kumi."

Mzee akasimama. Akakitoa kile kibanio kwenye amplifaya, akakibana kwenye kidole gumba chake mwenyewe. Wimbi: vilevile. Akatikisa kidole. Wimbi halikumjali.

"Na mimi nina umeme uliobaki?" akauliza.

Nyuma kule kwa akina besi mtu akakohoa, lakini si kikohozi cha mafua.

Mzee akatazama mezani. Akachukua andazi moja kwenye sinia. Akalibana na kibanio, akaliweka mbele ya skrini, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kama anavyosikiliza redio.

Wimbi likacheza. Meno yale yale!

Mama Mchungaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kweli: "Kwa hiyo hata andazi nalo kapasita zimekufa?"

Ndipo Eliza akashindwa kuvumilia. Akatoka kwenye mstari, akawasha tochi ya simu, akamulika nyuma ya laptopu.

"Dada fundi, samahani. Huu waya umeuchomeka kwenye tundu la intaneti."

"Haiwezekani," nikasema. "Umeingia vizuri."

"Unaingia, dada. Unaenea kabisa. Ila si mahali pake. Tundu la USB ndilo hili la pembeni." Akatazama chini. "Nimeuona tangu mwanzo. Nikadhani wewe ni fundi, labda una njia yako."

Nikachungulia. Jamani. Waya wa USB umekaa ndani ya tundu la waya wa mtandao, umestarehe kabisa. Tangu saa tisa! Nyaya mbili tofauti, mara tatu, tundu hilo hilo! Osiloskopu na kompyuta hazikuwa zimeonana hata sekunde moja.

"Sasa lile wimbi ni la nani?" akauliza Mzee Silwimba.

Eliza akanyoosha kidole kwenye kona ya juu ya skrini. Herufi nyekundu, kubwa: DEMO. Kile kijisanduku nilichokuwa nakipuuza kilikuwa kinasema kwa Kiingereza kwamba kipimo hakijaonekana, na kuuliza kama nataka kuona wimbi la maonyesho. Nikakubali. Programu ikanichorea picha ya wimbi. Wimbi la mfano! La kufundishia wanafunzi! Nami nikalitumia kuua kapasita mbili nzima.

"Mimi nililisoma mapema," akasema Mama Mchungaji. "Nilidhani ndilo jina la mashine."

Wakacheka. Sitaki kusema walichekaje. Mpiga ngoma alikaa chini. Mama wa sauti ya pili aliyesema "maskini" alitoka nje kabisa, tukawa tunamsikia kutokea uani. Kuna kaka wa besi alijaribu kujizuia, akatoa mlio kama tairi linalotoka upepo, na hapo ndipo waliobaki nao wakaanza upya. Mimi nimesimama, kijiti cha mwongoza kwaya mkononi. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini ni saruji, tena nzuri.

Asiyecheka alikuwa Mzee Silwimba peke yake. Alikuwa amekibandua kibanio kwenye andazi, anakifuta mafuta kwa leso yake.

"Zirudishe kwanza," akaniambia taratibu, akiniashiria zile kapasita. "Hakuna haja ya haraka."

Nikakaa, nikazirudisha moja moja. Machozi yalikuwa karibu, nikasingizia moshi wa risasi. Mzee alinishikia tochi muda wote. Nilipomaliza, nikachomeka waya kwenye tundu la haki, safari hii kwa macho mawili na tochi. Ting! Kompyuta ikalia. Kwaya nzima ikasema, "Tiiing!" (Siwasamehe.)

Tukawasha amplifaya. Nikabana kibanio panapotakiwa. Likatokea wimbi la kweli. Halikuwa na meno hata moja. Lilikuwa nono, linapanda na kushuka polepole, na spika zinasema mmmmmm.

Mzee Silwimba akalisogelea. Akatazama skrini, akainamisha kichwa kusikiliza spika, akatazama skrini tena. Nikaona uso wake umebadilika.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo ninayoisikia. Kumbe inafanana hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii nilikuwa sijaiona sura."

Nikamwambia, "Baba, nenda kahamishe ile soketi."

Akatikisa kichwa. "Kahamishe wewe. Wewe ndiye fundi uliyeitwa."

Nikaenda kwenye kinanda, nikachomoa plagi ukutani, nikaileta kwenye ekstensheni moja na amplifaya. Mlio ukakatika. Pu! Kanisa likawa kimya mpaka tukasikia kuku nje. Kwenye skrini, wimbi lilikuwa limelala, mstari mmoja umenyooka.

Sasa vigelegele vya safari hii vilikuwa vya haki, lakini havikuwa vyangu. Nikamshika Mzee mkono, nikamwomba radhi mbele ya wote kwa lile neno la "zamani". Akasema hakulisikia vizuri, masikio yake siku hizi si mazuri. (Mwongo mkubwa. Yule mzee anasikia kapasita ikipumua.) Tumekubaliana wiki ijayo aje kibandani kwangu. Yeye atanifundisha kusikiliza, mimi nitamfundisha kusoma mawimbi. Ila ameniomba nisome kwanza ile karatasi ya maelekezo.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Sijavua hata viatu, simu ikaita. Mama yangu, yuko Mpemba.

"Mwanangu, hujambo? Nimesikia leo kanisa zima la Ihanda limesimama likakuombea."

"Nani kakwambia, Mama?"

"Watu. Unaumwa nini? Usinifiche. Wanasema ilikuwa mbaya, mpaka mkafanya na vipimo."

Nikavuta pumzi. "Kichwa tu, Mama."

"Na vipimo vikasema nini?"

"Vimesema kichwa tu."

Amesema kesho anapanda gari la asubuhi kuja kuniuguza. Nawaombeni, aliye na namba yake akae kimya. Mwacheni aje, alete na ndizi.